Dubrovnik: Mji Uliomfunga Mtawala Wake

Lango la Pile ndilo lango kuu la kuingilia mji mkongwe wa Dubrovnik, upande wa magharibi. Asubuhi, abiria wa meli za kitalii wanapofika, daraja la mawe lililo mbele yake hujaa watu hadi hatua moja mbele inakuwa kazi. Viongozi wa watalii wameinua vijibendera, na wengi wao wameshika picha zilizotolewa katika tamthilia ya Game of Thrones. Wakifika mahali fulani huziinua, na wageni hutazama picha, kisha ukuta, kisha picha tena. Juu ya lango, katika kishubaka cha mawe, amesimama Mtakatifu Blasi, mlinzi wa mji. Ni wachache wanaoinua macho kumtazama.

Katika mji huu kuna dola mbili. Ya kwanza ni ya kubuni. Mwandishi Mmarekani George R. R. Martin alitoa kitabu chake cha kwanza kuhusu dola hiyo mwaka 1996, na kampuni ya HBO ikakigeuza tamthilia iliyoonyeshwa kuanzia 2011 hadi 2019. Tangu msimu wa pili, Dubrovnik ukawa King's Landing, mji mkuu wa Falme Saba. Dola ya pili ilikuwepo kweli. Ni Jamhuri ya Ragusa, iliyojiendeshea mambo yake ndani ya kuta hizihizi kuanzia mwaka 1358 hadi 1808. Nilikuja kuzitazama zote mbili, na ninaamini kwamba anayekuja kwa ajili ya ile ya kwanza akaondoka bila kuijua ya pili, ameacha nyuma kilicho bora zaidi.

Katika Falme Saba utawala hufuata damu. Mfalme huketi kwenye Kiti cha Chuma ambacho, kwa mujibu wa hadithi, kilifuliwa kwa moto wa joka kutokana na panga za maadui walioshindwa. Chini yake kuna koo kubwa: Stark kaskazini, Lannister magharibi kwenye migodi ya dhahabu, Tyrell kwenye mashamba yenye rutuba, na nyingine. Kila ukoo una ngome yake, nembo yake na kaulimbiu yake. Makabaila wadogo huwaapia wakubwa, wakubwa humwapia mfalme, na vita vikija kila mmoja huleta askari wake. Mfalme ana waziri mkuu aitwaye Mkono wa Mfalme, na Baraza Dogo lenye mshika hazina, mkuu wa majasusi, mkuu wa meli, mkuu wa sheria na mwanazuoni mkuu. Hakuna chombo chochote kinachoweza kumhoji mfalme huyo. Akiwa mwema, nchi hupata pumzi. Akiwa katili kama Joffrey, kijana aliyerithi kiti kabla hajakomaa, zinabaki njia tatu za kumwondoa: sumu, kisu au jeshi.

Ukitaka kuona makao ya Joffrey, panda ngazi za ngome ya Lovrijenac. Ngome hii imesimama peke yake nje ya kuta za mji, juu ya mwamba wenye urefu wa mita 37 hivi kutoka baharini, na ndiyo iliyotumika kama kasri la mfalme katika tamthilia. Kwenye uwanja wake wa ndani vijana hupigana picha wakiwa wamenyoosha panga za mbao. Mimi nilivutwa na unene wa kuta. Upande wa baharini, adui alikotarajiwa kutokea, ukuta una unene wa mita 12. Upande unaoelekea mji ni sentimita 60 tu. Wajenzi walikusudia hivyo. Kamanda wa ngome akiasi na kugeuza mizinga kuwaelekea wananchi wake, mizinga ya mji ingeubomoa ukuta wake mwembamba kwa muda mfupi. Kamanda mwenyewe alikuwa mtu wa ukoo wa kiungwana, naye alibadilishwa kila mwezi. Juu ya mlango kumechongwa maneno ya Kilatini yanayotangaza kwamba uhuru hauuzwi hata kwa dhahabu yote. Niliyasoma nikiwa nimeshagusa ukuta ule mwembamba, nikaona kwamba waliochonga maneno hayo walijua uhuru unaweza kuporwa kutoka ndani pia.

Kutoka hapo nilirudi mjini, nikafuata Stradun, barabara kuu iliyotandikwa mawe ya chokaa ambayo nyayo za karne nyingi zimeyalainisha yakang'aa. Mwanzoni mwake kuna chemchemi kubwa ya Onofrio, mjenzi aliyetoka Italia, iliyokamilika mwaka 1438. Maji yake yaliletwa kwa mfereji kutoka umbali wa kilomita 12 hivi, na hadi leo watu hujaza chupa hapo. Mwisho wa barabara, kulia, baada ya kanisa la Mtakatifu Blasi, ndiko liliko Kasri la Rekta.

Katika tamthilia, ua wa kasri hili ulikuwa nyumba ya tajiri wa viungo katika mji wa mbali uitwao Qarth. Nyuma yangu mtalii mmoja alimuuliza kiongozi wake mfalme alikuwa akilala chumba gani. Ni swali la haki, maana jengo lina hadhi ya kifalme: nguzo zenye vichwa vilivyochongwa kwa ustadi, ua wenye baraza za ghorofa mbili, ngazi pana za mawe. Lakini aliyelala humu alikuwa Rekta, mkuu wa jamhuri, na muda wake wa madaraka ulikuwa mwezi mmoja.

Mwezi mmoja tu. Baraza lilimchagua mwungwana, akavaa joho jekundu, akahamia humu bila mke wala watoto. Hakuruhusiwa kutoka nje ya kasri isipokuwa kwa shughuli za dola. Usiku funguo za malango ya mji zililetwa kwake, na asubuhi zikatolewa malango yakafunguliwa. Mihuri ya jamhuri ilikuwa mikononi mwake. Mwezi ulipokwisha alirudi nyumbani kwake, kwenye biashara na mashamba yake, na mwingine akaingia. Hakuweza kuchaguliwa tena mpaka ipite miaka miwili. Chini ya paa hilohilo kulikuwa na vyumba vya mabaraza, ghala la silaha na baruti, na gereza. Baruti hiyo ililipuka mara mbili katika karne ya 15, mwaka 1435 na 1463, na kasri likajengwa upya kila mara.

Hofu ya mtu mmoja kushika madaraka ilikuwa na asili yake. Kuanzia 1205 hadi 1358 mji ulikuwa chini ya Venisi, na mtawala wake alitumwa kutoka huko. Mji ulipotoka mikononi mwa Venisi ukawa chini ya kivuli cha mfalme wa Hungaria, aliyekuwa mbali. Waungwana wa Ragusa wakapata nafasi ya kuchagua mkuu wao wenyewe, nao wakahakikisha kwamba mkuu huyo hapati muda wa kuota mizizi.

Madaraka yenyewe yalikuwa kwenye mabaraza matatu. Baraza Kuu lilikuwa la wanaume wote wazima wa koo za kiungwana. Ndilo lililopitisha sheria na kuchagua viongozi. Seneti ilibeba mambo mazito ya nje na ndani. Kisha kulikuwa na Baraza Dogo, lililoendesha serikali siku hadi siku pamoja na Rekta. Msomaji wa Martin atalitambua jina hilo mara moja. Tofauti ni kwamba Baraza Dogo la Falme Saba hukaa kwa ridhaa ya mfalme, ilhali la Ragusa lilichaguliwa, likatumikia muda wake, likapisha jingine.

Juu ya mlango uliokuwa wa ukumbi wa Baraza Kuu kuna maandishi mengine ya Kilatini. Yanamwagiza kila anayeingia asahau mambo yake binafsi, ashughulikie ya umma. Nilisimama chini yake kwa muda mrefu. Kwenye ua, sanamu ni moja tu, ya kichwa na mabega ya Miho Pracat, iliyowekwa mwaka 1638. Huyu hakuwa mwungwana. Alikuwa mwenye meli kutoka kisiwa cha Lopud, akafa akiiachia jamhuri mali yake. Katika karne zote za utawala wao, waungwana hawakujijengea sanamu. Mtu pekee waliyempa heshima hiyo alikuwa raia wa kawaida.

Sheria zao zilishuka hadi sokoni. Katika kasri la Sponza, lililokuwa forodha na mahali pa kufulia sarafu, maandishi yaliyo juu ya tao la uani yanaonya kuhusu mizani ya udanganyifu, kwamba anayepima bidhaa naye anapimwa na Mungu. Jirani yake kuna nguzo ya shujaa Orlando, iliyosimamishwa mwaka 1418, na mkono wake kuanzia kiwiko ndio uliokuwa kipimo rasmi cha nguo, sentimita 51.2. Kwetu pwani muuza kitambaa alipima kwa mkono wake mwenyewe, na mnunuzi mjanja alimtafuta muuzaji mwenye mkono mrefu. Hapa mkono ulikuwa mmoja kwa wote, nao ulikuwa wa jiwe. Mwaka 1377 Baraza Kuu liliamuru wageni waliotoka sehemu zenye tauni wakae siku 30 nje ya mji kabla ya kuingia. Mwaka 1416 lilipiga marufuku biashara ya watumwa. Kwa wajukuu wa pwani iliyoijua biashara hiyo hadi karne ya 19, mwaka huo hausomwi kwa haraka.

Hata hivyo, nitakuwa nimewadanganya wasomaji nikiishia kwenye sifa. Mlango wa Baraza Kuu ulifungwa mwaka 1332. Baada ya hapo, aliyezaliwa nje ya koo za kiungwana hakuwa na kiti, hata angekuwa na meli kumi, na mwanamke hakuwa na kiti kabisa. Si mbali na kasri kuna sanamu ya shaba ya Marin Držić, mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa hapa mwaka 1508, kazi ya mchongaji Ivan Meštrović. Pua yake inang'aa kwa kushikwashikwa na wageni wanaotafuta bahati. Wangejua habari zake wangemtazama na usoni pia. Mwaka 1566, akiwa Florence, alimwandikia mtawala wa huko, Cosimo wa ukoo wa Medici, barua za kuomba msaada wa kuiangusha serikali ya Ragusa. Alitaka watu wasio waungwana nao wawe na sehemu katika utawala. Msaada haukuja, naye akafia Venisi mwaka uliofuata.

Kufungwa kwa mlango ule kuliwagharimu waungwana wenyewe. Tarehe 6 Aprili 1667 tetemeko la ardhi liliuangusha mji, likaua maelfu ya watu, Rekta akiwa miongoni mwao. Koo zikapungua kiasi kwamba ilibidi familia chache za nje zipandishwe daraja. Waliopandishwa wakapokewa kwa shingo upande, na baadaye waungwana wakagawanyika makundi mawili yasiyooana. Jamhuri ilinusurika kwa diplomasia, ikimlipa sultani wa Uturuki ducati 12,500 za dhahabu kila mwaka na kufanya biashara na pande zote. Wafaransa waliingia mwaka 1806, na Januari 1808 Jenerali Marmont akaifuta kwa amri.

Mchana nilipanda juu ya kuta na kuzunguka mita zake 1,940. Kutoka huko unaona paa za vigae, nyingi zikiwa na rangi mbichi kuliko nyingine. Ni zile zilizoezekwa upya baada ya mji kupigwa mizinga mwaka 1991. Upande wa kusini niliziona ngazi pana za kanisa la Wajesuti, ambako malkia Cersei wa tamthilia alianza kutembezwa kwa aibu mbele ya umati. Watu walikuwa wakishuka ngazi hizo kwa zamu ili wapigwe picha.

Hapo juu nilikumbuka jinsi tamthilia ilivyoisha. Baada ya misimu minane ya kuuana, Kiti cha Chuma kinayeyushwa, kisha makabaila waliosalia wanakaa kikao. Mmoja wao, Samwell, anapendekeza kwamba watu wote wa nchi wamchague mtawala wao. Wenzake wanacheka. Kisha wanakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo mfalme hatarithi, atachaguliwa na mabwana wa koo. Kikao hicho hakikurekodiwa Dubrovnik. Kilirekodiwa kwenye magofu ya Italica, Uhispania. Lakini uamuzi wake ni wa hapa. Falme Saba ziliishia mahali ambapo Ragusa ilianzia katika karne ya 14, na kicheko walichochekwa raia ndicho kilichomfukuza Držić.

Ninaondoka na imani moja. Hadithi ya Falme Saba hutufundisha kumtafuta mtawala mwema, na tukimkosa tunamngoja mwingine, kizazi baada ya kizazi. Waungwana wa Ragusa hawakumngoja. Walijijua kuwa ni wafanyabiashara wenye tamaa na wivu kama watu wote, ndiyo maana wakaweka mwezi mmoja, ukuta mwembamba, funguo zinazopita mkono hadi mkono na kipimo cha jiwe. Hayo yaliwapa miaka 450. Walichokosa ni kuwaamini majirani zao wa mtaa wa pili. Anayejenga nchi leo anaweza kuchukua hekima yao ya kumbana aliye juu, na lazima aongeze kile walichokataa: kiti barazani kwa kila raia. Kimoja bila kingine hakitoshi, na Dubrovnik unakuonyesha sababu ya vyote viwili kwa mwendo wa siku moja.