Magari ya Kale na Sinia Moja



Ndugu wazazi na wanafunzi, kijana mmoja niliyemsomesha madrasa hapa Kampala, ambaye sasa anaishi na familia yake kusini mwa Marekani, aliniandikia kuhusu mkahawa mmoja wa huko. Chakula hakiletwi kwa sahani ya kila mtu. Huwekwa katikati ya meza kwa mabakuli makubwa na watu wakapakuliana: kunde, bamia, mkate wa mahindi, samaki na kuku wa kukaanga. Pembeni yamepangwa magari na matrekta ya kale, na wazee huwaonyesha wajukuu gari la aina waliyoendesha ujanani. Yeye huuliza kwanza kabla ya kula, kwani huko hata maharage na mboga za majani mara nyingi hupikwa na nyama ya nguruwe. Akamalizia kwa swali: "Maalimu, kwetu Kampala kuna mahali kama hapa?"

Nimelifikiria sana swali hilo. Kwanza nilimkumbusha kwamba bamia na kunde zile zina asili ya Afrika. Zilivuka bahari katika zama za biashara ya utumwa, na wapishi wengi wa majiko yale walikuwa Waafrika waliouzwa. Kwa hiyo hakukaa mbele ya chakula cha wageni.

Ama magari ya kale, tunayo. Makumbusho ya Uganda yalianzishwa mwaka 1908, mwaka ule ule ambao Henry Ford alianza kutengeneza Model T, gari ambalo hadi 1927 yalikuwa yametoka zaidi ya milioni 15. Makumbusho hayo yalianzia kwenye ngome ya Lugard, Old Kampala, kilima ambacho leo umesimama Msikiti wa Taifa. Jengo la sasa, Barabara ya Kira, lilifunguliwa mwaka 1954. Waganda wa zamani waliyaita makumbusho hayo nyumba ya mayembe, yaani pembe za uganga, na wapo wazazi wanaosita kuwapeleka watoto mpaka leo. Mimi huwaambia kwamba tunakwenda kutazama, si kuabudu. Qur'ani yenyewe inatuhimiza kutembea katika ardhi na kuzingatia mwisho wa waliotutangulia.

Na mwisho wao unaonekana wazi pale. Yapo magari yaliyowabeba viongozi wa nchi. Zamani watu walisimama pembeni mwa barabara yalipopita; leo mtoto wa darasa la tatu anayachungulia dirishani. Siku niliyokwenda na wanafunzi wangu, mmoja wao aliuliza, "Maalimu, mwenye gari hili alikuwa akila na nani?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu namfahamu mtoto huyo. Baba yake ni dereva wa lori kati ya Mombasa na Kampala. Hukaa siku kadhaa njiani na foleni ya mpakani, akifika nyumbani analala, kisha anaondoka tena. Tulipokuwa tukirudi aliniambia kwamba mara ya mwisho kula sahani moja na baba yake ilikuwa Idi.

Ndugu zangu, baba huyu si mzembe. Lori lile ndilo linalolipa karo. Lakini watoto wetu wengi wako katika hali hiyo hiyo hata pale ambapo baba hulala nyumbani kila siku. Mmoja anakula saa moja mbele ya televisheni, mwingine saa tatu na simu mkononi, na mama anakula mwisho, amesimama jikoni.

Sasa tuangalie luwombo. Masimulizi ya Buganda yanasema ulianzia jikoni kwa Kabaka Mwanga, katika miaka ya 1880. Jani la mgomba hupitishwa juu ya moto lilainike, hufungwa ndani yake kuku, nyama au mchuzi wa karanga, kisha hupikwa kwa mvuke taratibu pamoja na matooke. Ni chakula cha kusubiriwa, na wanaosubiri pamoja huzungumza. Na sisi Waislamu tuna sinia. Mtume (s.a.w.) alimfundisha mtoto aliyekuwa akila naye ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Adabu hizo tatu alizifundisha hapo hapo penye chakula. Mtoto anayekula peke yake atajifunza kwa nani kutomnyang'anya mwenziwe?

Nilizungumza na mama wa mwanafunzi yule. Tulikubaliana jambo dogo: baba akifika, hata kama ni saa nne usiku, watoto wataamshwa wale naye japo matonge matatu. Baba mwenyewe alinipigia simu kutoka Malaba kuniambia kwamba sasa, akivuka mpaka, huwaarifu nyumbani waweke sinia.

Nawaomba kila nyumba ichague mlo mmoja kwa wiki. Simu ziwekwe mbali, mtoto mdogo alete maji ya kunawa, mkubwa aanze kwa Bismillahi, na mama akae chini kama wengine. Kijana wangu wa Marekani nimemjibu kwamba mahali anapopauliza papo, na hapahitaji hata kibao mlangoni.

Wabillahi tawfiq.