Mashindano Yasiyo ya Mbio

Wenyeji wetu wa Missouri, Marekani, walipotuambia kwamba mwisho wa juma tungekwenda kwenye mashindano ya farasi, sisi wauguzi wawili tulidhani tungekaa jukwaani tukishangilia. Kumbe tulikwisha kupangiwa kazi. Mama mwenyeji, aliyepita miaka hamsini, alikuwa akishindana kwa mara ya kwanza na farasi jike wake wa rangi ya kahawia, nasi tungesaidia kuhesabu mapigo ya moyo. Ya farasi, si ya watu.

Ijumaa alasiri tulifika kambini. Hapakuwa na uwanja wala jukwaa, ila malisho kando ya msitu, yaliyojaa magari na trela. Farasi walifungwa kwenye trela hizo, kila mmoja na nyasi zake kavu na ndoo ya maji, na hapo ndipo wangelala. Mwenye utepe mwekundu mkiani hupiga mateke. Mwenye wa kijani bado ni mgeni wa mambo haya. Sisi tuliwapita wote kwa mbali.

Kabla ya giza kila farasi alipelekwa kwa daktari wa mifugo, ambaye ndiye mwamuzi wake. Daktari alipapasa mgongo na miguu, akabana ngozi ya shingo aone kama inarudi upesi, akabonyeza ufizi kwa kidole, akasikiliza tumbo. Tulitazamana. Mbona ndivyo tunavyomkagua mtoto anayeharisha! Kisha mama akaambiwa akimbie akimwongoza farasi kwa kamba, ili ionekane kama anachechemea. Kila kovu la zamani liliandikwa, lisije likahesabiwa kuwa jeraha la njiani.

Mashindano ya namna hii husimamiwa na chama kiitwacho North American Trail Ride Conference, kilichoanzia California mwaka 1961. Kufika wa kwanza si kushinda. Safari hupewa muda wa chini na muda wa juu, na anayewahi mno hupoteza alama sawa na anayechelewa. Mwamuzi wa pili humtazama mpandaji: anavyokaa kwenye tandiko mlimani, na anavyomtunza mnyama wake kambini.

Jumamosi wanaoanza walikuwa na maili zipatazo 20, yaani kilometa 32. Kituo chetu kilikuwa juu ya kilima. (Ukialikwa siku moja, vaa suruali ndefu na viatu vigumu. Sisi tulivaa sketi, na miiba ya huko haina adabu.) Farasi akifika hupumzika dakika 10, ndipo unaweka stethoskopu nyuma ya kiwiko cha kushoto na kuhesabu kwa sekunde 15. Farasi aliyetulia hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Baada ya mapumziko, ukipata 12 katika sekunde 15, ni vizuri. Ikizidi 16, anazuiwa dakika 10 nyingine na alama zinapungua.

Mama alifika akicheka, akiwafuata wenzake waliokuwa na haraka. Farasi wake alikuwa na povu la jasho shingoni. Dakika 10 zilipokwisha tulihesabu 18. Tukabadilishana stethoskopu, tukahesabu tena: 18.

Mama akainama, akasema kwa sauti ya chini, “Dada zangu, haiwezi kuwa 16?”

Tulikuwa wageni wake. Tulikuwa tukila mezani pake na kulala kwenye vitanda vya wanawe. Lakini tumepata kuona kadi ya mgonjwa iliyoandikwa tarakimu za kumpendeza mtu, na tunajua nani huumia. Tuliandika 18. Hakusema neno. Alimpeleka farasi kivulini, akalegeza ukanda wa tandiko, akasimama akimtazama mbavu zikipanda na kushuka. Nadhani hata sisi tulisahau kupumua. Mara ya tatu tulipata 13, akaruhusiwa kwenda.

Aliondoka polepole. Maili mbili za mwisho hairuhusiwi kusimamasimama ili kuvuta muda, kwa hiyo hesabu ya saa hufanywa mapema. Yeye hakuifanya, akachelewa dakika chache. Jioni daktari alimkagua farasi: hachechemei, tumbo linanguruma vizuri, anakula. Mama alikunywa chai na sisi bila maneno mengi, tukalala.

Jumapili alfajiri tuliomba kando ya trela kwa kuwa ibada hatungeiwahi. Tulipofumbua macho mama alikuwa amesimama pale na stethoskopu yetu mkononi, akituuliza ni wapi hasa pa kuiweka.