Mtongwe, Ng'ambo ya Kilindini

Watu wengi wavukao Likoni kwa feri huwa na haraka. Huyu aenda kazini, yule arudi kwake, na mgeni aliyetoka mbali na gari lenye kitanda na jiko ndani yake ataka kufika Diani, au Lunga Lunga mpakani mwa Tanzania, kabla jua halijatua. Wote hao hushika njia kuu ya kusini. Ni wachache wanaogeukia mkono wa kulia kwenda Mtongwe, ilhali huko ndiko mtu mwenye siku moja ya mapumziko awezapo kutembea polepole kando ya maji, akaona mambo ya kupendeza na mengine ya kufikirisha.

Yafaa kuondoka asubuhi, tena baada ya kuwauliza wavuvi habari za maji. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali na kuacha tope na mchanga wazi, kisha hurudi yakajaa hata mashinani mwa mikoko. Siku za maji mafu tofauti hiyo huwa ndogo. Msafiri mwenye busara huanza safari yake maji yakiwa yanakupwa, ili asije akakatiwa njia wakati wa kurudi. Hapa hakuna mawimbi makubwa kama yale ya upande wa bahari kuu, kwa kuwa huu ni mkono wa bahari ulioingia baina ya kisiwa cha Mombasa na bara.

Njia hupita chini ya minazi na miembe, mara ikashuka ufuoni, mara ikapanda tena katikati ya nyumba za watu. Mahali pengine wavuvi huketi kivulini wakishona nyavu zilizotatuka, na mitumbwi yao imelazwa ubavu juu ya mchanga. Mgeni awapaye wazee shikamoo haitikiwi marahaba tu, bali huulizwa atokako na kukaribishwa akae kidogo. Akina mama huuza muhogo na madafu. Penye mikoko, kaa hukimbilia mashimoni mwao wasikiapo kishindo cha miguu. Miti hiyo hushika udongo usichukuliwe na maji, na katikati ya mizizi yake samaki wachanga na kamba hupata maficho. Kwa hiyo akataye boriti bila kiasi apunguza pia kitoweo cha jirani yake.

Ng'ambo ya pili huonekana meli na winchi za bandari. Jina la Kilindini latokana na neno kilindi, yaani mahali penye maji ya kina kirefu, na kina hicho ndicho kilichoipa Mombasa bandari kubwa. Magati ya kwanza ya kufungia meli kubwa yalikamilika mwaka 1926. Katika mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, manowari za Kiingereza za Bahari ya Hindi zilihamia hapa zilipotishwa na Wajapani huko Ceylon. Na tangu tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ina jeshi lake la majini, ambalo makao yake yako papa hapa Mtongwe. Msafiri afikapo penye ua wa jeshi hana budi kuuacha ufuo na kushika njia ya ndani, wala asitoe kamera yake. Lakini watu walikaa hapa tangu zamani sana, kabla ya meli na bandari. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Kijapani walichimba Mtongwe, wakapata zana za mawe za watu wa kale.

Mwisho wa matembezi ni gatini. Atazamaye kutoka hapo huona kisiwa kiko karibu mno, hata adhani kwamba kuvuka ni jambo jepesi. Mwenyeji hadhani hivyo. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe iliondoka ikiwa na watu wapatao 400, ingawa uwezo wake ulikuwa watu 300. Wengi walikuwa wakienda kazini kisiwani. Ilipinduka ikiwa mita 40 tu kutoka ufuoni, umbali usiozidi minazi miwili mirefu iliyolazwa mmoja baada ya mwingine, na watu 272 wakafa. Tangu hapo huduma ya feri mahali hapa imekuwa ikikatika na kurudi, na mwezi wa Machi 2017 ilizinduliwa upya. Wakati isipokuwapo, mfanyakazi wa Mtongwe hulazimika kuzunguka hadi Likoni ili afike kisiwani anachokiona mbele ya macho yake.

Si vigumu kufahamu kwa nini watu hujazana chomboni. Achelewaye kazini aogopa kukatwa mshahara, na aliyeachwa na feri hajui ya pili itakuja saa ngapi. Lakini kilindi kile kinachobeba meli za dunia nzima hakitazami haraka ya mtu. Wembamba wa maji si wepesi wake, na kipimo cha abiria kilichoandikwa hakikuwekwa ili kuwaudhi watu. Mwenye kusimamia chombo na akipimie, na abiria akiambiwa kimejaa, na asubiri.

Mtu aliyeshinda siku nzima akitembea Mtongwe, akangoja maji yapwe ndipo apite, amekwisha kupata mafunzo hayo kwa miguu yake mwenyewe. Wazee walisema, mwenda pole hajikwai.