Barbacoa ya Wapi?

Tanga

Mpwa wangu Mwanaidi,

Barua yako imefika, na nimefurahi kuona Kihispania kinakukolea. Umeniuliza barbacoa uiandikeje kwenye orodha ya vyakula hapo hotelini, na mwenzako keshakwambia ni nyama choma, basi. Mimi ningemuuliza kwanza mgeni ametoka wapi.

Kwa mtu wa Madrid, barbacoa ni lile jiko la kuchomea, au shughuli yenyewe ya kuchoma nje na marafiki. Hapo mwenzako kapatia. Mmeksiko mambo yake mengine kabisa: barbacoa yake haichomwi, inafukiwa. Huko Hidalgo huchimba shimo, wakawasha kuni hadi mawe yaive kwa moto, wakatanguliza sufuria ya kukinga mchuzi, kisha nyama ya kondoo ndani ya majani ya maguey. Majani hayo hupitishwa motoni kwanza yalainike, kama tunavyofanya na ya mgomba. Shimo huzibwa, likaachwa usiku kucha. Asubuhi, hasa Jumapili, nyama inaachia mfupa yenyewe, na ile supu iliyodondokea chini, mara nyingi yenye dengu, inanywewa moto moto. Kaskazini mwa nchi hiyohiyo, ukiagiza barbacoa huenda ukaletewa nyama ya kichwa cha ng'ombe.

Huyo maguey ni nduguye mkonge wetu. Mkonge nao kwao ni Meksiko. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, ndiye aliyeuleta Tanganyika mwaka 1893. (Usiende kufunikia kondoo kwa mkonge, utomvu wake unawasha!) Na ukijaliwa kufika Meksiko, angalia kama kitoweo ni halali: salsa borracha hutiwa pulque, ambayo ni tembo la maguey, na cochinita pibil ya Yucatán, inayopikwa shimoni vilevile, ni nguruwe.

Mwajentina hata usimsumbue na barbacoa. Yeye ana asado, na neno hilo ni nyama, ni mbavu za ng'ombe, ni mkusanyiko mzima wa Jumapili. Jirani yake wa Uruguay akisema nyumba yake ina barbacoa, anakusudia chumba au banda la kuchomea nyama na kukaribishia wageni.

Asili ya neno barbacoa ni kwa Wataino wa visiwa vya Karibi, na mwanahistoria Mhispania Gonzalo Fernández de Oviedo aliliandika katika karne ya 16. Kwao lilikuwa jina la kichanja cha miti: samaki na nyama hubanikwa juu, moto uko chini; kingine kikajengwa cha kuwekea mahindi. Ndiyo maana mimi naona Wakuba ndio walioshika amana. Mjini Havana, barbacoa ni sakafu ya pili inayopachikwa ndani ya chumba chenye dari ya juu, familia ipate pa kulala. Hakuna nyama wala moshi, lakini kichanja kipo.

Kwa hiyo neno letu la karibu ni kichanja, ila ukiandika "kichanja cha mbuzi" watu watadhani mnauza banda. Liache barbacoa kama lilivyo, na chini yake eleza nyama gani na imepikwaje. Muulize mpishi kama anachoma au anafukia, halafu uniletee hiyo orodha niipitie kabla haijachapwa. Mama yako msalimie sana.

Mjomba wako