Nani Aliwapikia Watu wa Matanga? Riwaya na Sauti ya Msomaji

Makala haya si ya kinadharia, ingawa nadharia imo. Nimeyaandika kwa sababu ya barua moja niliyoipokea miaka mingi iliyopita, ambayo hadi leo naihifadhi ndani ya nakala ya riwaya yangu ya kwanza. Riwaya yenyewe haikusomwa na wengi na sina haja ya kuitaja hapa.

Ilipotoka ilibahatika kupata tahakiki moja ya kitaaluma. Mhakiki alikuwa muungwana. Aliichambua fani na maudhui, akausifu usawiri wa wahusika, na hasa akaitukuza sura ya saba, ambamo mama anamzika mwanawe wa pekee, kisha siku ya tatu anatwaa jembe na kwenda shambani bila ya kutamka neno. Kimya kile, kwa maoni yake, kilikuwa kilele cha udhanaishi: binadamu amesimama peke yake mbele ya mauti, hana wa kumliwaza. Nilifurahi mno. Nilikuwa nimeandika baada ya kukisoma *Kichwamaji* cha Kezilahabi (1974) na kukirudia, na kama vijana wengi wa idara zetu za Kiswahili, nilidhani kwamba riwaya isiyo na upweke bado haijabaleghe.

Barua ilinifikia miezi kadhaa baadaye kupitia kwa mchapishaji. Zilikuwa karatasi nne za daftari zilizoandikwa pande zote mbili. Aliyeiandika alikuwa mama mmoja, fundi wa cherehani katika mji mdogo ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Kitabu alikinunua kwa mchuuzi aliyetandaza vitabu vikuukuu chini, na kila jioni baada ya kazi alimsomea mamake mzazi, asiyejua kusoma, huku akimfasiria kwa lugha yao sentensi baada ya sentensi. Walikwenda vizuri hadi sura ya saba. Hapo ajuza akamkatiza: “Hebu ngoja. Hao watu wa matanga walipikiwa na nani?” Binti akarudi nyuma kurasa mbili, akatafuta, asione. Hapakuwa na watu wa matanga. Hapakuwa na jirani aliyeleta kuni, wala shemeji aliyechinja, wala mtoto aliyetumwa mtoni kuteka maji. Ajuza akatoa hukumu: “Basi huyu aliyeandika hajapata kufiwa.” Wakakifunga kitabu kwa juma zima.

Hukumu hiyo haikuwa ya haki kabisa, maana nilikuwa nimefiwa. Lakini nilipofiwa, boma letu lilijaa watu usiku na mchana hata pakakosekana pembe ya mtu kulilia peke yake. Nililijua hilo, nikaliacha nje ya kitabu kwa kuwa liliiharibu falsafa yangu. Upweke niliouandika sikuuona mahali popote nilipopata kuishi. Niliuazima kwenye rafu ya maktaba. Mhakiki hakuligundua azimo hilo kwa sababu, nathubutu kusema, naye aliazima kwenye rafu iyo hiyo.

Tangu hapo nimejiuliza ni kitu gani anachokiona msomaji wa kawaida ambacho sisi wa taaluma hatukioni. Jibu moja ni rahisi kiasi cha kuaibisha. Mhakiki hana budi kukimaliza kitabu, ilhali yule ajuza hakuwa na wajibu wowote. Mahali alipokataa kuendelea ni ushahidi ambao tahakiki ya kitaaluma haiwezi kuutoa, maana sisi hata tukichoka tunaendelea, kisha uchovu wetu tunaupa jina la istilahi. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa 1967 huko Konstanz, alitufunza kuzungumzia upeo wa matarajio ya hadhira, na dhana hiyo tumeifundisha sana madarasani. Ila matarajio tunayoyajadili aghalabu ni ya msomaji tuliyembuni wenyewe, ambaye kwa bahati njema hukubaliana nasi daima.

Washairi wetu hawakupata kuwa na shida hii. Watunzi wa tenzi walizoea, mwishoni mwa utungo, kumwomba msomaji aongeze palipopungua na asahihishe palipokosewa. Katika kurasa za mashairi za magazeti, tangu enzi za *Mambo Leo* lililoanzishwa mwaka 1923, malenga akikosea hujibiwa hadharani kwa bahari ile ile na vina vile vile. Riwaya ilikuja bila ya utaratibu wa namna hiyo. Mwandishi wake hutumbukiza jiwe kisimani na kutega sikio.

Ndiyo maana masimulizi ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong’o kuhusu *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, riwaya aliyoiandikia katika jela ya Kamiti na kuchapishwa 1980, yananivutia kuliko mengi aliyoyasema kuhusu lugha. Katika kitabu chake cha 1986 anaeleza jinsi riwaya hiyo ilivyosomwa kwa sauti majumbani na baani. Huko baani, msomaji alisoma hadi glasi yake ikakauka, akanyamaza palipo na taharuki kubwa zaidi mpaka anunuliwe nyingine. Sijui mizani ya uhakiki iliyo sahihi kuishinda hiyo. Mwandishi angaliketi pembeni angalijua kwa hakika ni kurasa zipi zilizolipiwa.

Nasi wa riwaya ya Kiswahili nchini Kenya tuna wasomaji wangapi wa aina hiyo? Wasomaji wetu walio wengi ni wanafunzi, nao husoma kwa kushurutishwa. Kitabu kikiteuliwa kwa ajili ya mtihani wa sekondari, kama walivyoteuliwa *Utengano*, *Kidagaa Kimemwozea* na *Chozi la Heri* kwa nyakati zao, nakala huuzwa kwa wingi usio na mfano. Lakini pamoja nacho huzaliwa miongozo, na mwanafunzi huisoma miongozo hiyo kabla ya kitabu, pengine badala ya kitabu. Nimewahi kusahihisha lundo la insha za mtihani ambamo kila mtahiniwa alilia machozi yale yale kwa maneno yale yale. Mwandishi aliyeteuliwa anaweza kuishi miaka mitano akisomwa na nchi nzima asipate kusikia neno la mtu mmoja.

Sisemi kwamba msomaji hakosei. *Rosa Mistika* (1971) ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa kuwa baadhi ya waliokuwa na sauti waliuona uchi, wasiuone msiba. Na lau Kezilahabi angaliwasikiliza wote walionung’unikia ugumu wake, tusingalipata *Nagona* (1990) wala *Mzingile* (1991). Yapo maoni ya kupuuzwa, na mwandishi atajifunza kuyapambanua. Yule ajuza, hata hivyo, hakuniambia niandike nini. Aliuliza swali tu, na mimi ndiye niliyekuwa na jibu na kulificha.

Nilichelewa kumjibu binti yake. Mwaka mzima nilijiambia kuwa nina kazi nyingi. Nilipoandika hatimaye, nilikiri kosa na kumwomba amfikishie mzazi wake salamu zangu za heshima. Hakujibu, na sikujua kama barua ilifika.

Chapa ya pili ilipotayarishwa niliruhusiwa kuongeza ukurasa mmoja, usizidi. Niliwaleta wanawake watatu alfajiri na mizigo ya kuni, mmoja wao mgomvi wa siku nyingi wa yule mama. Wakawasha moto bila ya kubisha hodi. Mama bado anakwenda shambani siku ya tatu, na bado hasemi. Ila sasa kuna moshi nyuma yake.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa uzamili, baada ya kuzilinganisha chapa hizo mbili, alidai katika semina yetu kwamba ukurasa ulioongezwa unaudhoofisha mwelekeo wa kidhanaishi wa matini, na akataka kujua nilikusudia nini. Hoja zake zilipangika vizuri. Nilikwenda ofisini, nikaitoa ile barua kitabuni, nikampa aisome.