Nilimnyamazisha Tunu

Nilimwambia dada yangu kwamba mwanawe aliumwa na mbwa wangu kwa sababu alimvuta mkia. Nilisema uongo. Mtoto hakumgusa. Alipita tu karibu na bakuli la chakula, na kosa lilikuwa langu tangu miezi miwili nyuma.

Tunu nilimchukua kwenye kituo kinachookoa wanyama waliotelekezwa, nje kidogo ya Nairobi. Alikuwa jike wa kahawia, mbavu unaweza kuzihesabu, na shingoni alama ya kamba pasipoota manyoya. Aliyenikabidhi alinisihi nisiwe na haraka: siku 3 za kwanza ni za hofu tupu, baada ya wiki 3 huanza kuzoea mambo ya nyumba, na huenda ikapita miezi 3 kabla hajaamini kwamba hapo ni kwao. Niliitikia, nikamfungua kamba, nikaondoka naye.

Siku ya pili nilimpa ugali na omena. Nilipoinama kusogeza bakuli, akanguruma. Mimi nimelelewa kwenye boma ambako mbwa anayemngurumia mwenyewe hupigwa, basi nikampiga kofi la pua. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Baada ya wiki akaacha, nami nikajisifu kwa majirani kwamba nimemtia adabu.

Adabu gani? Mbwa anaponguruma anaomba: niache, naogopa. Na kabla ya kunguruma Tunu alikuwa akiniomba kwa njia nyingine nisizozijua, akikakamaa juu ya chakula, akijilamba midomo, akinitazama kwa pembeni hadi weupe wa jicho unaonekana. Woga wake ulibaki palepale. Mimi nilimnyang'anya sauti tu. Mpwa wangu wa miaka 6 alipopita pale, Tunu alimuuma kimyakimya.

Tuliosha mkono kwa sabuni na maji ya bomba kwa dakika 15, tukakimbia hospitali. Tunu alikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa, lakini daktari hakutaka kubahatisha, akamwanzishia mtoto sindano. Ni mimi niliyemshika akilia. Hapo hapo, daktari alipouliza ilikuwaje, nikatoa ile habari ya mkia.

"Mjomba, mimi sikumvuta."

Dada akamkemea asibishane na wakubwa. Nami nikanyamaza.

Siku hizi Tunu akila, napita mbali, namtupia kipande cha maini, naenda zangu bila kumsemesha. Kila wiki napita karibu kidogo kuliko wiki iliyotangulia, na kichwa chake sasa huinuka kutafuta maini, si mkono wangu. Jumapili iliyopita nilikosea nikakaribia mno, akanguruma, mara ya kwanza tangu zile siku za makofi. Nikasimama. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni.

Jioni hiyo nilimpigia dada simu, nikamwomba anipe mtoto kwanza.