Maji yalikuwa na masharti



Tangu familia zianze kurudi huku grupema ya Kamuronza, kuna maswali ninayoulizwa kila ninapopita na mikrofoni. Wanaouliza ni vijana, wengi wao wamekulia chini ya hema za Mugunga na Bulengo. Hawa tunaowaita leo Wazalendo walianza lini? Nani aliwaweka? Na kwa nini mama wawili wakisikia jina hilo, mmoja anashukuru na mwingine ananyamaza?

Hilo la tatu ndilo gumu. Mimi ni mtoto wa huku, na vijana hawa nimewajua kwa majina mengi kabla ya hili la leo. Nitajibu kwa kufuata jambo moja ambalo makomanda hawalitaji wanapohojiwa redioni: chakula. Nani alikuwa anawalisha?

Tuanze na jina Mai-Mai. Mai ni maji. Wazee wanawakumbuka Simba wa mwaka 1964, waliopakwa dawa ya maji mbele ya kwenda vitani na kuliita jina la Pierre Mulele ili risasi zigeuke. Imani hiyo si ya Kongo peke yake. Mwaka 1905, kule Tanganyika, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya namna hiyo dhidi ya Wajerumani, ndiyo maana vita ile inaitwa Maji Maji. Kule na huku, watu wengi walikufa kwa risasi.

Lakini kuna kitu ambacho watoto wa leo hawakuambiwa. Maji yalikuwa na masharti. Aliyepakwa dawa alikatazwa kuiba. Alikatazwa kugusa mwanamke. Alikatazwa vyakula fulani. Akivunja sharti, dawa inakufa, na yeye anakufa nayo. Sitabishana na mtu juu ya dawa. Ninachosema ni kwamba masharti hayo yalimlinda mwanakijiji kuliko maji yalivyomlinda mpiganaji. Mama aliyekutana na kijana mwenye silaha njiani ya shamba hakuwa na polisi wala tribinali karibu. Alikuwa na kitu kimoja tu: kijana mwenyewe aliogopa kuvunja sharti.

Wengi wa huku wanaanzia hesabu yao mwaka 1993. Chanzo kilikuwa udongo. Kuanzia mwaka 1937 Wabelgiji walileta Masisi familia nyingi kutoka Rwanda. Watu wengine wa lugha hiyo walikuwepo mbele yao, na wengine wakaja nyuma. Sheria ya mwaka 1972 ikawapa wengi uraia, ile ya 1981 ikawanyang'anya. Machifu na wenye mashamba wakagombania nani anauza na nani anapokea kodi. Mwezi wa tatu mwaka 1993, kwenye soko la Ntoto kule Walikale, vijana wenye silaha waliwashambulia watu wa jamii ya Wanyarwanda na kuwaua. Kisasi kikashuka Masisi. Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wahutu, Watutsi, kila kabila lilizika watu wake katika miaka ile. Hatuwezi kueleza historia ya walinzi bila kusema kwamba ndani ya mwanzo wake kuna damu ya watu waliokuwa wameenda sokoni tu.

Vijana wa upande wa Wahunde na Wanyanga waliitwa Katuku, wengine Bangilima. Wengi walishika mpanga, mkuki na mishale. Wahutu nao walikuwa na vikundi vyao. Kila upande ulisema unajilinda, na kila upande ulikuwa na mama anayepika.

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Jioni wanawake walikusanya bugali, sombe na maharagi, wakapeleka pale vijana walipokesha. Walijua kila sufuria ni ya nani na kila kijana ni mtoto wa nani. Kijana akileta fujo, habari zilimfikia mama yake kesho yake asubuhi, na jioni sufuria yake haikuja. Hiyo ndiyo ilikuwa nidhamu yao. Ilikuwa na nguvu, lakini ilikuwa na kasoro kubwa: ilitulinda sisi tu. Jirani wa kabila lingine hakuwa na sufuria pale, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumtetea.

Halafu vita vikubwa vikaja. AFDL ilipita mwaka 1996. Mwaka 1998 ikaja RCD, na jina Mai-Mai likaenea Kivu nzima kwa wale waliokataa utawala wake. Kinshasa ikawatumia silaha na vyeo. Tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2002, kule Pretoria, Mai-Mai walitia sahihi mapatano ya amani wakiwa upande unaojitegemea, pamoja na serkali, RCD na MLC. Kijana aliyekula sufuria ya mama yake sasa alikuwa na wakubwa waliokaa mbali naye. Wengine walipelekwa kuchanganywa katika jeshi jipya, ile kazi tuliyoiita brasaji. Kituo kimoja kilikuwa pale Mushaki, juu yetu kidogo tu. Wengine walienda, wakakaa, wakarudi porini.

Kuanzia hapo mambo yalijirudia. Vita vya CNDP vilipokaza, mwaka 2007 ikazaliwa PARECO. Mwezi wa kwanza mwaka 2008 makundi yalikutana Goma na kutia sahihi kwamba yataacha vita. Mapatano mengine yakaja tarehe 23 mwezi wa tatu mwaka 2009. Janvier Karairi na APCLS yake hawakuingia jeshini; walibaki Lukweti, katika misitu ya Masisi, na watu wengi wa huku waliwaona kama ngao yao. Lakini mwaka 2013 APCLS na wanajeshi wa serkali walipigana katikati ya Kitchanga. Raia walikufa, nyumba nyingi zikaungua. Ngao ilikuwa imesimama ndani ya nyumba ya mtu.

Na chakula? Hapo ndipo kitu kiligeuka. Kundi likikaa miaka mingi na kuwa na mamia ya watu, sufuria za akina mama hazitoshi. Ikaja lala salama, mchango wa kila nyumba ili ulale bila kushambuliwa. Ikaja bariyeri, ambako mwenye chukudu na mama mwenye mzigo wa muhogo wanalipa ili wapite. Ikaja salongo ya kubebeshwa mizigo. Ikaja jetoni: katika maeneo ya NDC-R ya Guidon Shimiray Mwissa, kila mtu mzima alilipa franga 1,000 kwa mwezi, na asiyekuwa na karatasi yake alikuwa na shida. Na kule Walikale kulikuwa na kasiteriti na dhahabu, chakula kisichohitaji mama hata mmoja.

Sasa angalieni hesabu hiyo. Sufuria ilipelekwa na mtu anayeweza kuikataza. Jetoni inachukuliwa na mtu ambaye huwezi kumkatalia. Maji yakabaki, masharti yakaenda. Mfano mchungu zaidi ni Luvungi, kule Walikale. Kati ya tarehe 30 mwezi wa saba na tarehe 2 mwezi wa nane mwaka 2010, wapiganaji wa makundi kadhaa, pamoja na watu wa Mai-Mai wa Ntabo Ntaberi Sheka, waliingia Luvungi na vijiji vya jirani. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ilimhukumu Sheka kifungo cha maisha. Kundi lake lilijiita la ulinzi wa Kongo. Sharti la kwanza la maji ya zamani lilikuwa usiiguse mali ya mtu, na la pili usimguse mwanamke.

Mubambiro yetu nayo ina ukurasa wake. Wengi wanaijua kwa sababu ya kambi za wanajeshi na za MONUSCO. Lakini ni hapa pia walipoletwa wapiganaji waliojisalimisha, wakingojea maisha mapya waliyoahidiwa. Niliongea na baadhi yao. Hawakuniambia habari za siasa. Waliongea habari za njaa, za mtoto mgonjwa, za bunduki waliyotoa bila kupewa jembe. Wengine walichoka kungoja, wakarudi walikotoka. Waliowaahidi sitawataja hapa. Ila mlione jambo lenyewe: hata njia ya kutoka vitani ilikatikia kwenye sahani.

Mwezi wa tano mwaka 2022, M23 ikiwa imerudi vitani, makundi yaliyokuwa yanapigana yenyewe kwa yenyewe yalikutana Pinga na kuahidi kuwa pamoja. Jina Wazalendo likaanza kuwa kubwa. Mwaka 2023 serkali ikaanzisha jeshi la akiba, RAD, ili waliojitolea wawe na pahali katika sheria. Walipigana kwenye milima hii yetu, na wengi walikufa wakiwa bado watoto. Mama anayeshukuru ana sababu: kuna siku walisimama kati yake na risasi. Mama anayenyamaza naye ana sababu: kuna usiku walimpigia mlango. Wakati mwingine ni mama huyohuyo.

Mengine mnayajua kwa miguu yenu. Mwezi wa pili mwaka 2024 Sake ilimwagika kuelekea Goma. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 M23 ikachukua Masisi-kati, halafu Sake, halafu Goma. Mwezi wa pili hema zikavunjwa, familia zikaambiwa zirudi, hata zile ambazo nyumba zao hazikuwepo tena. Mwezi wa tatu vita vikafika Walikale-kati. Mwezi wa sita Kongo na Rwanda zilitia sahihi Washington, na mwezi wa saba serkali na AFC/M23 wakatia sahihi Doha. Pale Doha Wazalendo hawakuwa na kiti. Aliyewapikia miaka 30 hakuwa nacho pia.

Ndiyo maana nimeandika haya. Itafika siku watakaa tena mezani kuamua vijana hawa waende wapi, na watahesabu bunduki, kwa sababu bunduki zinahesabika. Sisi tuwaulize habari ya masharti. Kijana akibaki na silaha kwa jina letu, nani anamlisha? Akimpiga mtu, mama huyo anaenda kusema kwa nani, na huyo anayeambiwa ana uwezo wa kumzuia? Na ulinzi huo, safari hii, unamhesabu jirani wa kabila lingine, ao utatuzalia Ntoto nyingine? Akiweka silaha chini, atakula nini mwezi wa kwanza, wa pili, na wa tatu? Maswali hayo ni ya kila anayebeba bunduki katika milima hii, wa upande wowote.

Kwa nyinyi mlio nyumbani na mlio bado mbali, nina ombi. Daftari moja ya shule inatosha. Andikeni kile ambacho nyumba yenu ilitoa: mwezi gani, kilo ngapi za maharagi, kuku wangapi, franga ngapi za lala salama, siku ngapi za salongo, na kama kuna mtoto aliyeenda na hakurudi. Msiandike majina ya watu, na msimwonyeshe kila anayeuliza. Wekeni pamoja na karatasi za shamba. Siku ya kuulizana itakapofika, wakubwa watakuja na historia ya vita walivyopigana, na sisi tuwe na ya kwetu imeandikwa.